Mjumbe wa Kumi na Tatu

Kila asubuhi Gaudiosa huonja maji kabla hajasalimiana na mtu. Hutoka na sweta juu ya kitenge, maana baridi ya Ufipa mwezi wa sita haina adabu, akafika kwenye bomba la kati, akakinga kiganja, akasukutua, kisha akameza kidogo. Yakiwa na ladha ya udongo anajua kuna mtu kalima karibu na chanzo huko mlimani, na jua halijapanda keshafika mlangoni kwa mtu huyo. Watu humcheka. "Mama Leonsi anaongea na bomba kuliko alivyoongea na marehemu." Naye hucheka nao.

Kazi hiyo hakupewa na mtu. Alikuwa mke mpya, mimba ya Leonsi tumboni, mwaka ambao kijiji kilichimba mtaro wa bomba kutoka chanzoni hadi shuleni. Kila kaya ilipimiwa hatua ishirini. Mumewe alikuwa kaenda ziwani kuvua, hivyo hatua zote ishirini alizichimba yeye. Tangu hapo bomba likipasuka, anaitwa yeye kwanza, fundi baadaye. Shule aliishia darasa la nne, lakini wanakijiji wamemchagua kuingia halmashauri ya kijiji vipindi vitatu mfululizo, kwa sababu ya maji tu.

Jumatano hiyo kikao kilikuwa na ajenda moja: kukabidhi chanzo, tangi na koki zake kwa ofisi ya maji ya wilaya, viunganishwe na vya vijiji vingine sita, na yote yaamuliwe Namanyere, makao ya wilaya. Wajumbe ni ishirini na watano. Wasipofika kumi na watatu, kikao si kikao. Mara mbili kilishaitishwa kikakwama, watu wamejificha mashambani. Leo Gaudiosa alipoingia ofisini alihesabu vichwa kimyakimya. Kumi na wawili. Na yeye.

"Haya, shemeji katimiza!" Teodori, mwenyekiti, alipiga meza. Ni mdogo wa marehemu mumewe, na mdomo wake hauna likizo. "Kaa, kaa. Akidi imetimia, leo nakupikia ugali mwenyewe."

Watu wakacheka. Yeye akakaa karibu na mlango.

Ofisa kutoka wilayani, kijana wa Mbeya aitwaye Lwitiko, aliinuka kumpa mkono. "Shikamoo, mama." Kisha akaeleza vizuri, bila kupandisha sauti. Litajengwa tangi jipya. Bomba litashuka hadi kitongoji cha bondeni, ambako wanawake bado wanateka mtoni. Hilo la bondeni lilimchoma Gaudiosa. Huko ndiko alikoolewa mdogo wake, Hellena.

"Nina swali," alisema. "Bomba likipasuka leo jioni, nani anafunga koki?"

"Mtatoa taarifa, mama. Fundi atapangwa kutoka wilayani."

"Akichelewa?"

"Koki itakuwa na kufuli. Asiyeruhusiwa hawezi kuigusa. Ndiyo utaratibu."

"Wenzetu wa nyuma ya mlima walijiunga mwaka jana. Bomba likapasuka, wakasubiri siku kumi na tisa. Walikunywa maji ya madimbwi ya kufyatulia tofali."

Lwitiko akainamisha macho. "Hilo lilitokea, sitakudanganya. Tunajipanga."

"Basi tuleteeni bomba la bondeni, koki ibaki kwetu."

"Haiwezekani. Mkabidhi vyote au msikabidhi chochote. Na msiporidhia leo, vifaa vinakwenda kijiji kingine."

Jenifer, mtendaji wa kijiji, alikuwa anazungusha daftari la mahudhurio ili watu wasaini. Lilipomfikia Gaudiosa, karatasi ilichomoza katikati ya kurasa. Akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Muhtasari wa kikao. Tarehe ya leo. Na chini kabisa: wajumbe kumi na watatu kwa kauli moja wameridhia.

"Jenifer, mwanangu, hii imeandikwa lini?"

Jenifer akamtazama mwenyekiti.

"Ni rasimu, shemeji," alisema Teodori. "Tunarahisisha kazi. Wewe saini hapo, hayo ni mahudhurio tu."

"Na nisiporidhia?"

"Tutaandika kwamba hukuridhia. Hao kumi na wawili wanatosha kukushinda." Hakuwa anatania tena. "Saini."

Aliwatazama mmoja mmoja. Huyu alijikuna shingo, yule akachungulia simu iliyozimwa. Juzi tu, pale bombani, hawa hawa walimwambia simama, tuko nyuma yako. Ndipo alipoelewa kwamba humu ndani neno lake halina uzito wowote. Kilichokuwa na uzito ni kule kuwapo kwake. Akaweka kalamu juu ya daftari, akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Nje."

"Choo kipo nyuma, usichelewe."

"Siendi chooni, Teodori."

Hajawahi kumwita jina lake kavu hivyo mbele za watu. Teodori akainuka. "Ukivuka huo mlango, ujumbe wako umekwisha. Barua nitaiandika mwenyewe."

"Andika. Weka na saa niliyotoka, ijulikane mlibaki kumi na wawili."

Nje, Hellena alikuwa kakaa kwenye nyasi na wanawake wa bondeni, ndoo wamezilaza ubavu. Akainuka haraka.

"Dada! Wametupa bomba?"

Ndani viti viliburuzwa, Teodori akipiga kelele, "Mrudisheni huyo mama!" Sauti ya Lwitiko ikajibu, "Mwacheni. Hatuwezi kumlazimisha."

"Kikao kimevunjika," alisema Gaudiosa. "Nimekivunja mimi."

"Wewe?" Hellena alimkodolea macho. "Na mimi nikateke wapi?"

"Njoo uteke kwangu."

"Saa nzima kupanda, saa nzima kushuka na ndoo kichwani. Mtoni ni karibu kuliko kwako, dada. Wewe maji unayo."

Jenifer akaja mbio, daftari mkononi, kalamu kainyoosha. "Mama, tafadhali. Saini tu, halafu nenda."

Gaudiosa akatikisa kichwa. Akajifunga kitenge vizuri, akampita Jenifer, akampita mdogo wake aliyekwisha kumpa mgongo, akashika njia ya kupanda. Walimwita mara tatu. Hakugeuka. Siku hiyo hakurudi, wala ofisini pale hakuonekana tena.