Sponji Lisilobonyea

Mama alipoingia eda alituomba jambo moja tu, mimi na dada yangu. Siku ya kutoka, kabla hajaenda kwa mtu yeyote, tumpeleke kwenye karavani ya baba, kile kijumba cha magurudumu, akakae kidogo.

Karavani yenyewe ilikuwa uani kwetu hapa Al Khoudh, imekaribia ukuta, matairi yamelala. Baba aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Kila kiangazi alikuwa akiifunga nyuma ya gari na kutuvuta mpaka Salalah, mwisho wa kusini wa nchi, kufuata mvua. Alisema manyunyu ya kule yanamkumbusha Unguja. Nadhani ndiko nilikojifunza kutotulia, humo ndani, nikilala huku barabara inapita chini yangu. Nilipomaliza sekondari niliondoka, na tangu hapo nimekaa Dar, Mombasa, Dubai, Sur, hakuna mahali nilipokaa nikamaliza gunia la mchele.

Nilirudi kwa maziko nikakuta yamekwisha. Watu walinipa mkono, nikaupokea. Sikulia. Siku ya tatu nilifungua mlango wa karavani nikaona mende na sakafu iliyooza, nikasema moyoni mama hawezi kukaa humu. Nikaenda kutafuta bisibisi.

Nilikuwa na miezi minne na siku kumi. Wako wajane wanaotoka mchana kwa haja zao, lakini mama alilelewa kwa namna ya zamani, hakuvuka kizingiti. Dirisha la jikoni lilimwonyesha mgongo wa karavani tu, kwa hiyo alinifuata kwa masikio.

"Unagonga nini huko, baba?"

"Kabati, mama."

"Gonga taratibu. Kimezeeka hicho kama miye."

Nilifanya kazi tangu alfajiri mpaka jua lilipofanya bati lisishikike. Mbao za kuta zilikuwa zimekunywa maji miaka mingi, zilitoka mkononi kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikang'oa zote. Nikang'oa meza ya kukunja, na mapazia ya kanga aliyoyashona mama, yamepauka hata maandishi hayasomeki. Mwisho nikatoa sponji la kiti cha dirishani, ambako baba alikuwa akikaa mchana na kulala usiku. Kwenye kona lilikuwa limebonyea, shimo la mtu mmoja. Nililikunja nikalibeba begani mpaka kwenye pipa kubwa la taka mwisho wa mtaa. Nilikwenda safari tatu. Nakumbuka nilikuwa nawaza skrubu.

Dada yangu anafanya kazi serikalini na huja Alhamisi akitoka ofisini. Alichungulia ndani, akaona mifupa mitupu ya chuma.

"Wallahi wewe! Wenzio wanahama nyumba, wewe unaihamisha nyumba yenyewe."

"Subiri iishe."

"Mama anajua?"

"Nataka aone mwenyewe siku hiyo."

Alishika fremu ya dirisha, akaangalia vumbi kwenye vidole. "Haya, fundi," akasema, akaingia ndani kwa mama.

Plaiwudi nilichukua Rusayl, kwenye maduka ya viwandani, na sponji pia. Muuzaji alilikalia mbele yangu, akainuka, akanionyesha kwa kiganja. Hili halibonyei, alisema kwa Kiarabu, hata akilikalia ndovu. Nikalipenda. Nikapaka kuta rangi ya maziwa, nikaweka taa mpya, kabati lisilolia, sakafu ngumu. Siku mbili kabla ya eda kwisha nilikuwa nimemaliza. Nilisimama mlangoni nikingoja kufurahi, kisha nikaenda kuoga.

Siku ya kutoka, mama alioga, akavaa nguo mpya, akajifukiza udi aliokuwa amejinyima miezi yote ile. Dada alimshika mkono mmoja, mimi mwingine. Kwenye kidaraja cha mlango alisimama, akavua viatu, akaingia.

Alitazama kuta. Akatazama dirisha lililokuwa na mapazia yake.

"Pazuri," alisema. "Pasafi."

Akakaa kwenye kiti, si kwenye kona, pembeni yake. Akanyoosha mkono, akaipapasa kona ile polepole, akarudi tena kuipapasa.

"Na lile sponji la baba yako?"

"Nimelitupa, mama."

"Lini?"

"Mwanzoni kabisa."

Aliitikia kwa kichwa. Dada yangu alikuwa anatazama nje.

"Miye nikikusikia unagonga," mama alisema, "nikajua unamtilia baba yako misumari asianguke."

Nilijua kwamba hapa ndipo mtu hulia, nikangoja, kilio hakikuja.

"Njoo ukae hapa," akasema. Nikakaa kwenye kona. "Ingia ndani zaidi. Yeye akikaa na mgongo ukutani. Mguu mmoja juu. Siyo huo."

Nikabadilisha mguu. Mama aliniangalia kidogo, kisha akatazama mbele, mikono mapajani. Tulikaa hivyo mpaka ikaadhiniwa alasiri.

"Itachukua muda gani kubonyea?" akauliza akiwa anatafuta viatu.

"Miaka, mama."

"Basi nnakungoja."

Dada alimshusha. Mimi niliinuka nyuma yao nikageuka kutazama. Sponji lilikuwa limeshapanda, limenyooka, kama hapakuwahi kukaa mtu. Nikakaa tena.