Kabeji Zilizotangulia Kanisani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika shambani kwa Shangazi nikiwa na digrii ya uchumi, viatu vya ngozi na swali.

"Leo tunauza ngapi?"

Shangazi, dada mdogo wa baba yangu, alikuwa ameinama kwenye tuta la sukuma wiki bondeni, chini kidogo ya Wundanyi. Umande ulikuwa umemlowesha leso hadi magotini. Hakuinua kichwa.

"Nitajuaje? Tukishakula, na jirani akishapata, kitakachobaki ndicho tutakachouza. Vua hivyo viatu."

Nawaandikia ninyi mnaomaliza masomo sasa na kurudi nyumbani mkiwa na vyeti ndani ya bahasha. Wazee watacheka wakisikia kijana kama mimi akisema amestaafu. Wacheke tu. Nimeiacha kazi hii nikiwa na mgongo wa mtu wa pensheni, na ninaijua vya kutosha kuieleza.

Kazi yenyewe iliitwa ziada. Hatukuwa wakulima wa biashara wala hatukuwa wachuuzi wanaonunua kwa jumla. Ulilima chakula cha nyumba yako, na kilichozidi ndicho kilichoshuka nawe hadi soko la Voi, chini ya milima. Nilimwambia Shangazi kwamba huo haukuwa mpango, ulikuwa ni bahati. Akaniuliza kama chuoni walitufundisha kupalilia. Nikamwambia hapana. Akanipa jembe.

Kwake nilijifunza mambo ya mwanzo. Sukuma huchumwa kuanzia majani ya chini, na kilele hakiguswi, kwa sababu ukikata kilele umeua wiki zote zijazo. Maji ya mfereji huenda kwa zamu. Siku yako ikifika unaondoa jiwe na udongo, unayaingiza shambani, na mwenye zamu inayofuata anakuja kusimama karibu nawe akikohoa. Kikohozi hicho ndicho saa. Nilipendekeza tuandike ratiba. Majirani walikubaliana nami kwa adabu kubwa, kisha wakaendelea kukohoa.

Baadaye nilihamishiwa sokoni Voi, chini ya Mwenyekiti wa Safu. Safu ni mstari wa akina mama wa milimani wanaotandaza magunia na kuuza mboga pamoja, na mkuu wao alikuwa mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kondakta, ambaye kila mtu alimwita Mama Mwenyekiti. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Huyu ndiye yule wa chuo?"

"Ndiye," Shangazi akajibu.

"Haya, Profesa. Kaa hapo mwisho. Usipaze sauti, na usimwite mteja ambaye bado amesimama kwa mwenzako."

"Kwa nini? Si ni soko huria?"

"Huria liko ng'ambo ya barabara. Hapa ni safu."

Adui wetu mkubwa pale alikuwa jua. Mboga iliyotoka kwenye ukungu wa milimani ikifika Voi hushtuka. Ndiyo maana tulikuwa tunaipumzisha: unafunga mafungu, unayalaza kivulini mashina yakiwa nje, unafunika kwa gunia lililoloweshwa, unanyunyiza maji mara kwa mara, na unatoa machache tu ya kuonyesha. Hata hivyo, mchana ukipita majani yalikuwa yananyauka kama wanafunzi kwenye somo la mwisho. Mnavu na mchicha uliobaki tuliwapa wenye mbuzi. Mbuzi wa Voi wamekula vizuri sana kwa jasho letu.

Jambo hilo halikuniingia akilini. Kwa nini tulime, tubebe, tushuke mlima, halafu tulishe mbuzi? Tulihitaji mteja mmoja mkubwa anayepokea mzigo alfajiri kabla jua halijakasirika. Nilizunguka, nikafukuzwa na walinzi kwenye mageti kadhaa, mpaka nikampata Mpishi Mkuu wa kambi moja ya watalii upande wa Tsavo. Alikuwa mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mrefu, mwenye aproni nyeupe kuliko shuka za hospitali.

"Kabeji zangu zinatoka mbali na zinafika zimechoka," aliniambia. "Nyinyi mko hapo juu tu. Nileteeni Jumatatu asubuhi, kreti zijae, kabeji za ukubwa mmoja, karoti na spinachi. Mkinifaa, kila wiki ni yenu. Mkiniangusha, usirudi hapa kuniambia hadithi. Nina wageni wa kulisha."

Nilirudi kwenye safu nikitembea kama waziri. Akina mama walisikiliza, wakatazamana.

"Hoteli hulipa?" mmoja akauliza.

"Inalipa siku ya kupokea. Nimeshauliza."

"Na wakikataa mzigo?"

"Hawatakataa. Kila mmoja atoe kidogo, kreti zitajaa."

Mama Mwenyekiti alinyunyizia mafungu yake maji. "Sawa, Jumatatu. Lakini sikiliza, Profesa. Oda hiyo ikiharibika, usitufundishe kitu tena. Utauza na kunyamaza."

Hapo ndipo kila kitu kilipoegemea. Yalikuwa makubaliano ya haki na niliyapokea.

Jumapili asubuhi nilipanda milimani na pikapu ya kukodi, kreti zikigongana nyuma. Nilianzia kwa Mama Mwenyekiti. Kwenye tuta la kabeji nilikuta vishina vitupu, vimekatwa vizuri kwa kisu. Nikadhani ni wezi. Nikaenda shamba la pili, vishina. La tatu, vishina, na karoti zimeng'olewa. Nilikutana na Shangazi njiani amevaa gauni la kitenge na kofia.

"Shangazi, tumeibiwa! Kabeji zote hakuna!"

"Hakuna aliyeiba. Zimetangulia kanisani."

"Zimefanya nini?"

"Leo ni mavuno. Hukujua?"

Sikujua. Tangu chuoni nilikuwa naenda kanisani kwenye harusi na mazishi tu, na kwa imani yangu ya uchumi nilikuwa nimepanga oda yetu ya kwanza siku moja baada ya Jumapili ya Mavuno, ambapo kila nyumba hupeleka madhabahuni kilicho bora zaidi.

"Na oda?" niliuliza.

"Mimi nilijua Mama Mwenyekiti atabakisha."

Mama Mwenyekiti, kama nilivyokuja kuambiwa, alijua Shangazi atabakisha. Kila mmoja alimpa Mungu zilizo bora na kuiachia oda imani.

Niliingia kanisani na gambuti zangu. Mbele, kabeji zangu zilikuwa zimepangwa kama kwaya, nyingine zimefungwa riboni. Kwa wasiojua desturi yetu: baada ya ibada, sadaka ya mavuno hunadiwa palepale. Mchungaji alisimama mwenyewe na kabeji mkononi, akaanza kupandisha bei. Nilikuwa na pesa za nauli na akiba kidogo ndani ya simu. Nikainua mkono.

Kanisa zima liligeuka.

"Profesa!" Mchungaji alipaza sauti. "Karibu nyumbani! Profesa amesema bei. Nani anaongeza?"

"Mimi!" alisema mzee mmoja mstaafu wa reli, akicheka. "Kijana amerudi kwa Bwana. Tumsaidie atoe zaidi!"

Niliongeza. Wakaongeza. Kila nilipopandisha, walishangilia kuokoka kwangu na kupandisha tena, hadi kabeji ya kawaida ikafika bei ya kuku. Nilishindwa kununua hata moja. Mwisho niliinuka na kujaribu kueleza habari za oda, lakini wanakwaya walidhani natoa ushuhuda wakaanzisha pambio.

Nikaketi. Nilimwona Mama Mwenyekiti upande wa pili ameziba mdomo kwa leso, mabega yakitikisika. Alikuwa amekumbuka oda, na alikuwa anacheka hadi machozi.

Kwa kuwa sasa sikuwa na la kufanya, nilianza kutazama. Mzee wa reli alinunua kabeji yake kwa bei ile ya ajabu, akaipokea na kutangaza, "Nampa Mchungaji wangu!" Makofi. Aliyefuata alinunua karoti. "Nampa Mchungaji!" Spinachi, kabeji, kabeji nyingine. Hakuna aliyekuja pale kununua mboga. Kila mtu alikuwa na mboga nyumbani.

Nilitoka nje kwa mlango wa pembeni. Kwenye veranda ya nyumba ya Mchungaji vijana walikuwa wanashusha mzigo, na rundo lilikuwa limefika dirishani. Mke wake alilitazama kwa huzuni.

Mchungaji alipofika, bado anajipangusa jasho la mnada, nilimsalimu na kumuuliza, "Mchungaji, hizi zote utazifanyaje?"

Alishusha sauti. "Ndugu yangu, mwaka jana tulikula kabeji mpaka watoto wakaomba wenyewe kufunga."

"Kwa hiyo mna ziada."

"Kwani wewe unaonaje?"

"Niuzie kwa bei ya sokoni. Si ya mnada. Hoteli ikinilipa kesho, nakulipa."

Alilitazama rundo, akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa ameshaanza kubeba kreti.

Mchana ule veranda ikawa mahali pa kuchambua. Kuchambua ni kutenga mboga kwa ukubwa na ubora, na kwenye kazi hiyo Mama Mwenyekiti hana ndugu. Alikaa kwenye kigoda, akageuza kila kabeji, akabonyeza, akaamua.

"Hii hapana, Mchungaji. Ina mdudu."

"Lakini imeshabarikiwa."

"Mdudu naye amebarikiwa. Weka kando."

Nilifanya hesabu kichwani na ikanikera. Akina mama walilima, wakatoa, na oda ile ya kwanza haikuwapa shilingi. Aliyelipwa ni Mchungaji. Nilimwambia Mama Mwenyekiti kwamba mfumo huu una kasoro. Alinijibu bila kuacha kubonyeza kabeji.

"Tumetoa, tumecheka, na mteja tumempata. Kasoro iko wapi? Beba kreti."

Alfajiri ya Jumatatu Mpishi Mkuu alikagua mzigo kreti kwa kreti. Akafika kwenye kabeji moja, akasita, akavuta utepe mwekundu uliojificha chini ya jani.

"Na hii?"

"Imetoka kanisani," nikasema, kwa kuwa sikuwa na uongo ulio karibu.

Aliigonga kabeji kwa vidole kama mtu anayebisha mlango. "Mwambie huyo Mungu wenu analima vizuri. Jumatatu ijayo."

Tangu siku hiyo kila nyumba ilitenga tuta moja la oda, ambalo halikuguswa na jikoni wala mavuno. Shangazi alilikubali kwa shingo upande, na mpaka leo hatujaelewana. Mimi nasema mboga iliyopandwa ili iuzwe si ziada tena, kwa hiyo tumebadilisha kazi bila kukiri. Yeye anasema nikibishana nipalilie. Mbuzi wa Voi, nasikia, wamepungua uzito kidogo.

Sasa nimeajiriwa kufundisha Kishushe, ambako gari likipita watu hutoka nje kulitazama. Kabla ya kuondoka nilimkabidhi Mama Mwenyekiti kila kitu: namba ya Mpishi Mkuu, dereva wa pikapu, maelezo marefu ya mambo yanayoweza kuharibika. Mnaonijua mtaamini kwamba sikulala vizuri. Nani angehakikisha karoti zimeoshwa? Nani angemwamsha dereva? Nawashauri msifikiri hivyo kuhusu kazi yoyote, ingawa najua mtafikiri.

Jumatatu yangu ya kwanza huku nilipanda mlima mdogo nyuma ya shule kutafuta mtandao, nikampigia simu. Nilisikia kreti zikigongana, na Shangazi akimkaripia mtu kuhusu spinachi.

"Mama Mwenyekiti, shikamoo. Nilikuwa nauliza kama zile kabeji..."

"Marahaba, Profesa. Tunapakia. Piga jioni."

Akakata. Nilisimama pale juu na simu mkononi, nikicheka peke yangu, mpaka kengele ya shule ikaniita.