Mistari Thelathini na Mitano ya Mkaa

"Mama mukubwa, kwa nini kifaranga wa kwanza wa bata kila mara unamupelekea Mama Généreuse?"

Riziki aliulizwa swali hilo na mtoto wa dada yake, msichana wa miaka saba mwenye mdomo usiochoka, asubuhi moja alipokuwa akimfunga kifaranga ndani ya kipande cha kitenge. Akajibu haraka, "Ni desturi," akatoka. Lakini alivyoubamiza mlango! Nani anabamiza mlango kwa ajili ya desturi?

Desturi yenyewe ilikuwepo kweli. Ilianza mwaka wa tisini na saba, pale Rumonge, kando ya ziwa, katika mtaa wa Waswahili. Wakati huo Riziki alikuwa akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili. Mume wake, Mbaraka, alikuwa mvuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani. Vita vilipoleta marufuku ya kuvua usiku, Mbaraka alivuka ziwa kwenda Kigoma kutafuta kazi, akaahidi kurudi kabla ya Idi. Idi ikapita. Na mume aliyevuka ziwa, siku zile, alikuwa jambo baya la kuwa nalo, maana waasi nao walisemekana wanavuka ziwa hilohilo. Jirani akimwuliza Riziki, "Mbaraka iko wapi?" hakuwa anamsalimia. Alikuwa anamchunguza.

Nyumba ya tatu kutoka kwake alikaa Généreuse, Mkongomani wa Uvira aliyekimbia vita vya kwao mwaka uliotangulia, akaingia Rumonge na watoto wawili na bata wawili ndani ya kikapu kimoja. Watu wa mtaa walimcheka. Bata kwao alikuwa kuku wa matope, mnyama wa kukoroga mfereji. Basi siku moja lori likamkanyaga jike barabarani, na kwenye kiota yakabaki mayai tisa bado yana joto. Généreuse akayafunika kwa kitambaa, mbio hadi kwa Riziki.

"Amahoro, dada. Kuku yako iko inaatamia?"

"Inaatamia hewa. Jogoo nilimuuza."

"Basi nikuragize hizi mayai. Zikitoka, nusu yako, nusu yangu."

Kuragiza ni mambo ya watu wa mlimani na ng'ombe zao: mimi nina mnyama, wewe una mahali na mikono, akizaa, tunagawana. Riziki hakuwahi kusikia mtu akiragizwa mayai. Alicheka, akayapokea. Hakuuliza bata anaatamia siku ngapi. Yai ni yai, alijiambia. Na Généreuse hakudhani duniani kuna mtu mzima asiyejua.

Aliyaweka mayai chini ya kuku katika chumba cha nyuma, akafunga mlango. Mama yake alimfundisha kwamba yai linaloatamiwa halionyeshwi mtu. Jicho la mgeni likipita juu yake, linaoza. Kwa hiyo hakumwambia yeyote. Kila asubuhi alichora mstari mmoja wa mkaa ukutani, akihesabu kuelekea ishirini na moja, kama kwa kuku.

Alfajiri ya siku ya kumi na mbili bunduki zililia mlimani. Kuku aliruka hadi kwenye boriti ya paa, akakaa huko anatetemeka, na hakurudi tena kwenye kiota, hata kwa kubembelezwa na mchele. Riziki aliligusa yai moja kwa kope la jicho lake. Lilikuwa linapoa.

Sasa, Riziki alikuwa kibarua kwenye mashine ya mawese ya mzee mmoja aliyeitwa Amuri. Chikichi zikishachemshwa na kukamuliwa, hubaki makapi, nyuzi nyekundu zenye mafuta, na rundo la makapi hukaa na joto nusu siku nzima. Wanawake wa Rumonge huyatumia kuwashia moto. Riziki akawaza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Alijaza kikapu makapi ya moto, akakifunika kwa kitenge joto lisitoroke, akakimbia nyumbani, akayazungushia mayai ndani ya kikapu kingine, kitambaa katikati yasiungue. Akayagusa tena kwa kope. Yalikuwa na joto la mwili. Tangu siku hiyo alifanya hivyo asubuhi na jioni, akiyageuza na kuyanyunyizia maji kwa vidole. Kwa kuwa alikuwa peke yake nyumbani, alianza kuyasemesha.

Hebu fikiri majirani walikuwa wanaona nini. Mwanamke ambaye mume wake yuko ng'ambo ya ziwa anaingiza ndani, mara mbili kwa siku, kikapu kizito kilichofunikwa, kinachofuka mvuke. Mlango wa chumba cha nyuma umefungwa. Na ukipita karibu na dirisha unasikia akinong'ona, "Vumilieni. Bado kidogo tu."

"Chakula cha watu wangapi kile?" wakaulizana kisimani.

Hawakuwa na mzaha. Wiki mbili kabla, Kalume, mshona nyavu, alikamatwa kwa sababu mtu alisema tochi yake inawaka upande wa ziwani. Alipelekwa kwenye kambi ya askari ya barabara kuu, na hakurudi hata kufuata viatu vyake.

Siku ya ishirini na moja ikafika. Kimya. Ishirini na mbili, kimya. Hapo ndipo shaka ilipomwingia Riziki mwenyewe, na iliingia kupitia mlango wa Généreuse. Kwa nini yule mwanamke alimletea yeye, si mwingine? Je, kama aliyachemsha kwanza? Je, kama mtaa mzima unajua, unasubiri kumcheka yule Mswahili aliyebeba makapi kwa ajili ya mawe? Au kuna kubwa zaidi ya kicheko? Mbona Généreuse hakuja hata siku moja kuuliza mayai yake? Kadiri alivyofikiri ndivyo kila kitu kilivyofungana, kama nyavu.

Siku ya ishirini na tatu, akitoka kwenye mashine na kikapu kichwani, alipita kwa Jamali. Jamali alikuwa nyumbakumi, msimamizi wa nyumba kumi za mtaa, rafiki wa zamani wa Mbaraka. Jina lolote lililofika kambini lilipitia kinywani mwake.

"Shemeji," alisema Riziki, bado amesimama, "huyo Mukongomani mumwangalie. Nasikia anapokea watu wanatoka ziwani."

"Unasikia kwa nani?"

"Nasikia tu."

Jamali alimtazama usoni, halafu akapandisha macho hadi kwenye kikapu. "Na hiyo yenye moshi, shemeji, unamupelekea nani?"

"Hakuna mutu," alijibu Riziki. Alisikia mwenyewe jinsi lilivyotoka vibaya.

Kesho yake baada ya swala ya alasiri, Jamali alisimama mlangoni kwake na vijana wawili wa doria wenye marungu. Nyuma yao, nusu ya mtaa.

"Fungua chumba, shemeji."

"Rudini kesho. Leo si vizuri."

"Kesho watakuja wengine, na wao hawabishi hodi."

Alifungua. Waliona kikapu, chungu cha maji, kuku juu ya boriti, na ukutani mistari ishirini na minne ya mkaa. Jamali aliihesabu kwa kidole, taratibu. "Unahesabu siku za nini? Watu wako watafika lini?"

Kijana mmoja akainua rungu kuchokoa makapi. Riziki alijitupa juu ya kikapu kwa tumbo. "Usitoboe! Ni mayai! Ni mayai ya bata, wallahi!"

Kicheko kililipuka nje. Jamali hakucheka. Alitoa yai moja, akalipima mkononi.

"Siku ishirini na nne? Hata mutoto anajua kuku ni ishirini na moja. Hizi zimekufa zamani, shemeji. Hizi ni kisingizio. Nani alilala humu?"

"Murudishe hiyo yai, inashika baridi," ilisema sauti mlangoni.

Alikuwa Généreuse, mikono imejaa magamba ya samaki. Riziki alipomwona alitamani ardhi impasukie.

"Bata yetu ni siku makumi tatu na tano," alisema Généreuse. "Ni mimi nilimuragiza."

"Unasema hivyo kumuokoa."

"Basi hesabu. Imebaki kumi na moja. Zisipotoka, andika majina mawili. Lake na langu."

Jamali alilirudisha yai, akachukua kipande cha mkaa, akachora alama kubwa mbali kidogo na mistari ya Riziki. "Siku kumi na moja," alisema. "Sitaongeza hata swala moja."

Zile siku kumi na moja! Vijana wa doria walikaa kwa zamu chini ya dirisha. Riziki alibeba makapi mbele ya macho yote, na sasa kitenge hakikusaidia kitu. Généreuse alikuja kila jioni, akamwonyesha jinsi ya kuyaacha yapumue kidogo, kama jike anapokwenda kuoga, na jinsi ya kuyalowesha. Riziki alimtazama kwa kona ya jicho. Anataka nini huyu? Mkimbizi haweki jina lake kwenye orodha ya kifo kwa ajili ya jirani. Lazima kuna mtego. Alitafuta mtego huo kila jioni, hakuuona, na kutouona kukamtisha zaidi.

Siku ya thelathini na tano Jamali alifika asubuhi na daftari. Mayai yalikuwa yametulia kama mawe ya ziwani. Aliitoa kalamu sikioni. Ndipo Généreuse akasema, "Nyumbakumi, weka sikio kwanza."

Jamali aliwaangalia wote kwa mashaka, kisha, mtu mzima na kofia yake, akalala kifudifudi sakafuni na kuegesha sikio kwenye yai. Akabaki hivyo. Nyusi zikapanda.

"Iko mutu humu," alinong'ona.

Mpaka adhuhuri vilitoka vifaranga vinane, vya manjano na vyeusi, vimelowa. Yai moja lilikuwa limeoza. Jamali aliichana ile karatasi ya daftari iliyosubiri majina mawili, akaomba yeye pia aragizwe siku moja. Mbaraka alirudi mwaka uliofuata, akakuta bata uani.

Riziki alikuwa na mvi alipolijibu lile swali. Vita vilikuwa vimekwisha, na yule msichana alikuwa sekondari, mdomo bado haujachoka. Walikuwa wakichambua ndagala, na Riziki, alipokwisha kumsimulia yote hayo, hakuinua macho.

"Jamali hakuanzia kwangu. Alianzia kwa Mama Généreuse, usiku uleule, akamuambia ni mimi nimemutaja. Alipokuja mulangoni kwangu na yale magamba mukononi, alikuwa anajua. Mimi nilikaa miaka mitatu natafuta mutego wake. Siku moja akaniambia mwenyewe, tukiwa hivi hivi na ndagala, kama mutu anasema chumvi imeisha. Sasa wewe uliyesoma, niambie: kifaranga kimoja kinatosha?"