Utani Niliouwekea Sahihi

Siku ile ya upekuzi naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyofunga ndoa, na kila nikiikumbuka damu inanichemka. Usinione nimekaa kimya na fimbo yangu ukadhani nimepoa. Sijapoa hata kidogo. Nina hasira na watu wawili. Mmoja alikuwa na kalamu, nitakueleza habari zake. Wa pili ni mimi mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya themanini, vita vya Kagera vimekwisha si zamani. Nilikuwa kijana mwenye nguvu, nimetoka kwetu Kamuli kwenda kufanya kazi kwenye machimbo ya bati, huko milimani Kyerwa. Mlima ule ni mwamba mtupu, sururu haiingii. Tulikuwa tunatoboa matundu, tunashindilia baruti, tunawasha utambi, halafu mbio. Tuliogusa baruti tulikuwa wanne tu. Basi ikaja amri kutoka juu kwamba kila anayeshika baruti lazima afanyiwe upekuzi, yaani achunguzwe: katokea wapi, wazazi wake ni nani, tabia yake ikoje, akitoka kazini anakwenda wapi. Asiyepita, asiguse tena. Amri yenyewe haikuwa na ubaya, nakwambia ukweli. Baruti si mbolea. Serikali ina haki ya kujua baruti imeshikwa na nani. Ubaya ulikuwa kwenye namna walivyouliza, na namna nilivyojibu.

Fundi wetu mkuu aliitwa Laurenti. Mama yake alivuka naye mto Kagera akiwa mgongoni, wakikimbia fujo za kwao Rwanda, wakapata kibanja jirani na chetu. Alikulia humo kwenye migomba na kahawa, akalima, akaoa, akazika mama yake hapohapo. Kwenye kazi alikuwa mtu wa kuudhi kwa uangalifu. Tukiwasha tambi sita, yeye huhesabu milio kwa vidole. Siku moja nilisema nimesikia sita, yeye akasema tano. Nikaanza kurudi shimoni, akanishika mkanda wa suruali kwa nyuma na hakuniachia. Nyapara anafoka, mimi namtukana, yeye kimya tu kanishika. Tukiwa hapohapo tunavutana, tundu la sita likalipuka. Mwanangu, mimi kukaa hapa nakusimulia ni kwa sababu ya mkono wa Laurenti.

Sasa Laurenti alikuwa mtani wangu. Sisemi utani wa kuchekana viatu. Koo zetu zilikuwa watani tangu mababu, kwa maana koo za huku na za ng'ambo ya mto ni zilezile, mpaka umechorwa juzi tu. Tulitukanana mchana kutwa. Yeye aliniita mla viazi vya kuiba, mimi nilimwita mpelelezi, nikisema alitumwa mgongoni mwa mama yake kuja kuhesabu migomba yetu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kwetu mtu asiyekutania hivyo, ujue hakupendi.

Afisa wa upekuzi alikuja asubuhi. Kijana mwenzangu, mtu wa mbali, shati limepigwa pasi. Hata mlinzi wetu, mzee wa mvi, kijana huyo hakumpa shikamoo. Akaingia ofisini, akafungua begi, akatuita mmoja mmoja. Kila mtu alijaza fomu yake, akabonyeza vidole kwenye wino, halafu akaulizwa habari za mwenzake. Mimi nikaulizwa habari za Laurenti.

Laurenti mwenyewe alikuwa ameegemea dirisha kwa nje. Kabla sijajibu akapaza sauti, "Afande, huyo usimsikilize! Huyo hata baba yake hamwamini!"

Ningemwachaje, mwanangu? Mtani wangu amenianza! Nikasema, "Laurenti? Huyu ni muuaji huyu. Anavuka mto kwenda kutoa ripoti kwao. Mkimwachia baruti, kesho hamtaikuta hata hii ofisi."

Laurenti akacheka huko nje mpaka akakohoa, akaondoka zake kwenda kunywa maji. Afisa hakucheka. Aliandika.

"Anavuka mara ngapi?" akauliza.

Nami kwa ujinga wangu nikadhani naye kaingia kwenye utani. Nikasema, "Kila mwezi unapoandama, afande, hakosi."

Akaandika. Akanigeuzia karatasi akasema niweke sahihi. Nikaliona neno lenyewe, mwanangu, kwa macho yangu: "Huvuka mpaka kila mwezi kutoa taarifa." Nikaona huu si utani tena. Lakini nikajiambia, huyu ni Mtanzania kama mimi, kwao wana watani, anajua. Na tena niliona aibu kumwambia nilikuwa nacheza mbele yake. Nikaweka sahihi. Nikatoka.

Ningeweza kumweleza habari ya ule mkanda wa suruali. Ndiyo ilikuwa tabia ya Laurenti, ndiyo habari aliyotumwa kuitafuta! Hakuuliza mtu huyu anafanyaje kazi, nami sikumwambia.

Baada ya wiki kadhaa barua ikaja. Majina matatu yamepita, la Laurenti halimo. Nyapara akamnyang'anya funguo za stoo ya baruti mbele ya watu wote, akaambiwa asikanyage tena machimbo, na kila wiki aripoti kituo cha polisi. Funguo nikapewa mimi. Nilizipokea, unasikia? Nilinyoosha mkono nikazipokea.

Jioni alinifuata njiani. Hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao. Akaniuliza, "Erasto, baada ya mimi kuondoka dirishani, ulimwambia nini yule mtu?"

"Sikumwambia kitu," nikajibu.

"Lazima ulisema. Yale niliyoyasikia ni utani wetu tu. Serikali nzima haiwezi kumfukuza mtu kwa utani."

Hebu fikiri. Alikuwa na imani kubwa kuliko mimi kwamba wakubwa wana akili. Kwa hiyo akaamini nimemsaliti kwa neno jingine, la siri, la kweli. Nami nikamwacha aamini hivyo.

Baba yangu alizipata habari, akaniketisha nikamweleza yote. Mzee wangu alikuwa mkulima wa kahawa, Mlutheri wa kanisa, asiyepaza sauti. Akasema, "Vaa viatu. Tunakwenda wilayani." Tulitembea, tukadandia lori la kahawa, tukafika. Bahati yangu mbaya, tulimkuta afisa yuleyule. Baba akamweleza kwa heshima kwamba mwanawe alitania, na kwamba kwetu watani husemana hivyo.

Yule bwana akanitazama mimi, si baba. "Una maana ulitoa maelezo ya uongo kwa serikali ukayawekea sahihi? Hilo lina kifungo. Nikuandikie sasa hivi?"

Akainua kalamu. Baba akanigeukia, akangoja. Nilikuwa na mke mjamzito, nilikuwa na funguo mfukoni. Nikasema, "Hapana, afande. Maelezo ni yaleyale."

Ptuu! Hata sasa nikitamka maneno hayo mdomo unaniwia mchungu. Aliyenitisha alijua ukweli, nilimwona usoni amejua. Alikuwa na nafasi ya kufuta mstari mmoja, akaona afadhali aharibu maisha ya mtu kuliko aharibu karatasi yake. Na mimi nikamsaidia.

Tukarudi, baba mbele, mimi nyuma. Tulipofika kwetu akasimama kwenye migomba akasema, "Siku ya mzaha mdomo wako ulikuwa wazi, siku ya ukweli umeufunga. Hilo silo nililokufundisha, Erasto." Akaingia ndani. Hakurudia tena jambo hilo mpaka anakufa.

Alikufa miaka ya tisini, wakati wa kuchuma kahawa. Kwetu mtu akifa, mtani ndiye anayeshika jembe kuchimba kaburi, na ndiye anayeruhusiwa kufanya vituko. Atalala kaburini kabla maiti hajashushwa, adai kodi, atamsema marehemu kwa uchoyo wake, mpaka mwenye kilio acheke huku machozi yanamtoka. Laurenti alikuja. Miaka ile yote alikuwa kibarua wa kupalilia mashamba ya watu, mgongo umeanza kupinda. Alichimba kaburi la baba yangu tangu asubuhi, jua kali, na hakusema neno hata moja la utani. Nilisimama pembeni nikimwomba kwa macho: nitukane, Laurenti, mtukane mzee, sema alikuwa bahili! Alimaliza, akajipangusa udongo, akanipa mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, bwana Erasto. Mungu awatie nguvu."

Bwana! Mtani wangu aliniita bwana.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamvuta kando nikamwambia kila kitu: kwamba hakukuwa na neno la siri, uliandikwa utani uleule, nikauwekea sahihi, na wilayani nikaukana ukweli mbele ya baba yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Miaka yote hii natafuta ni neno gani ulilosema. Kumbe ni lile nililolicheka mimi mwenyewe." Akachukua jembe lake akaenda. Tangu siku hiyo tukikutana njiani ananisalimia vizuri sana, kama mtu anavyomsalimia polisi.

Kwa hiyo, mwanangu, nikuambie wazi. Ukiulizwa habari za mtu na mwenye kalamu, utani uache nje ya mlango. Sema ulichokiona kwa macho yako: anafanyaje kazi, amekusaidia nini, amekukosea nini. Basi. Usiweke sahihi kwa sababu unaona aibu. Na kama umekosea, rudi useme nimekosea, hata wakikutisha jela, maana jela ina siku ya kutoka. Na wewe, kama siku moja kalamu itakuwa mkononi mwako, tafadhali, inua macho kutoka kwenye karatasi umtazame mtu, uulize mara ya pili. Mtu mzima hastahili kufukuzwa kazini na kuandamwa na polisi kwa sababu ulikuwa na haraka ya kumaliza fomu!

Nenda sasa. Mungu akupe marafiki wa kukutania mpaka uzeeni, na siku watakapokuhitaji, akupe ujasiri wa kusema ukweli juu yao. Amina.