Nilifanya Kazi Msibani

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimekaa uani kwa shangazi yangu Bi Tatu, kule Kigombe, napepeta mchele huku machozi yananidondokea kwenye ungo. Nilikuwa nimemaliza digrii yangu ya kwanza na nimefaulu vizuri. Roho yangu yote ilitaka jambo moja tu, kwenda kusoma uzamili wa afya ya jamii. Lakini chuo nilichokitamani kilisema waziwazi kwamba mwombaji awe ameshafanya kazi za afya. Kazi yenyewe ningeitoa wapi? Nilitoka darasani nikaingia moja kwa moja kwenye mchele wa shangazi.

Nakuhadithia haya kwa sababu jana ulipofika kutoka Moa, hata mkoba hujautua, uliniambia maneno yaleyale. Ati huombi nafasi ya uzamili, kwa kuwa wanataka uzoefu na wewe huna. Basi nisikilize, na hiyo simu iweke chini kidogo. Haitakimbia.

Shangazi hakuwa mtu wa kubembeleza. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko pale kijijini. Ikiwa harusi, ikiwa msiba, masufuria yako chini yake, na hata wanaume wanaoleta kuni walimtii kabla hajamaliza kusema. Akaniuliza ninalilia nini kwenye chakula cha watu. Nikamweleza. Nikamwambia nitaulizwa nimefanya kazi wapi, na sina la kujibu.

Akanitazama juu mpaka chini. "Na kwenye msiba wa Mzee Hamadi ulikuwa unafanya nini? Unacheza?"

"Shangazi, pale nilikuwa nasaidia tu."

"Nasaidia tu!" Akaniiga kwa sauti ya puani, mpaka mwenyewe nikacheka na kamasi zangu.

Sasa ngoja nikwambie habari ya msiba huo, maana wewe ulikuwa hujazaliwa. Mzee Hamadi alikuwa jirani yetu, akafariki kwa uzee wake. Lakini wakati huohuo ugonjwa wa kuhara na kutapika ulikuwa umeingia kwenye vijiji vya jirani, na watu wa huko huko ndio waliokuja kuzika. Unajua desturi yetu. Kabla ya kula, beseni la maji linapita. Wa kwanza anatia mkono, wa pili anatia, wa tatu anatia, likifika mwisho wa mkeka maji yamekuwa kama yaliyooshewa mchele. Mimi chuoni nilishafundishwa maji yale yanaweza kufanya nini. Nilipoliona beseni linatolewa ndani, moyo ulinilipuka.

Nikasimama katikati ya wanawake nikasema beseni lisipite. Loo! Ningejua ningenyamaza. Bibi mmoja, somo yake mama yangu, akaniuliza, "Kwani sisi wachafu?" Mwingine akaniambia hicho chuo changu nikirudishe nilikokitoa. Wafiwa wakaanza kuangaliana. Nikatoka nje uso umenishuka, nikasimama nyuma ya jiko nikijiuliza, sasa nitawaambiaje watu hawa wazima, walionilea, wanielewe bila kuona nimewatukana?

Ndipo likanijia. Wakija wakwe kwetu, tunawapa beseni watie mikono? Hata! Binti anasimama na birika, mwenzake anashika beseni kwa chini, mkwe ananyoosha mikono, anamiminiwa maji, anapewa sabuni, anapewa na taulo. Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kufanywa mkwe.

Nikarudi kwa shangazi nikamnong'oneza, "Leo tuwafanye wote wakwe."

Shangazi akapiga makofi, msibani kule, mpaka watu wakageuka. "Haya! Wote wakwe leo! Wasichana, mabirika!" Tukaazima mabirika mtaa mzima, tukachemsha maji, nikawapanga wasichana wawili wawili kwenye kila mkeka. Ungewaona wazee walivyokuwa wananyoosha mikono, mabega yamepanda, kila mmoja anajiona kaja kuposa. Na yule bibi somo wa mama alimiminiwa, akanawa, kisha akaita tena, "We binti, hebu huku, hayajanifika vizuri."

Beseni halikupita tena mpaka matanga yakaanuliwa, wala halikupita kwenye misiba iliyofuata. Siapi kwamba mimi ndiye niliyeuzuia ugonjwa, maana mabwana afya nao walikuja wakatia dawa visimani. Lakini katika waliokula msibani pale hatukusikia hata mmoja aliyeugua. Hilo nalisema mbele ya yeyote.

Utaniuliza, sasa mbona sikulitaja mwenyewe? Mwanangu, sisi ndivyo tulivyolelewa. Ukifanya jambo msibani, limekwisha palepale. Ukilizungumza unaonekana umetafuta kusifiwa, na thawabu zimekwenda na upepo. Kwa hiyo nilikuwa nimelifukia hata nafsini mwangu. Wallahi sikuona kuwa ile ni kazi.

Shangazi ndiye aliyenikemea, na maneno yake sijayasahau. "Kujisifu ni kupiga domo barazani na hakuna aliyekuuliza. Hawa wamekuuliza. Mtu akikuuliza kwa haki nawe ukanyamaza, umemdhulumu yeye na umejidhulumu wewe. Futa hizo kamasi, kaandike."

Nikaandika. Sikuongeza chumvi wala sikupunguza. Nikaitwa kwenye usaili, na nikakuta watu watatu nyuma ya meza. Mwanamume wa katikati akaniuliza, "Umefanya kazi wapi?"

Nikamwambia, "Msibani."

Wakacheka. Lakini nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikawahadithia kama ninavyokuhadithia wewe, beseni, kukataliwa, mabirika na wakwe wangu wote. Kicheko kikapungua, kisha kikaisha. Mama mmoja pale pembeni akauliza, "Na kama wangekataa na hilo la wakwe?"

Nikajibu, "Ningetafuta jingine. Walikuwa watu wangu, ningewaacha waugue?"

Yule mama akainamisha kichwa akaandika, na alikuwa anatabasamu.

Sikudanganyi kwamba walilifuta sharti lao kwa ajili yangu. Hapana. Waliniambia nafasi wananiwekea, lakini kwanza niende nikafanye kazi chini ya mtu aliyebobea. Nikaenda zahanati moja ya huko kwenu, karibu na Horohoro, nikapima watoto, nikazunguka nyumba kwa nyumba kukagua vyoo, jua likanikausha. Nilipoingia darasani hatimaye, niliingia najua ninachokwenda kutafuta. Siku ya mahafali Bi Tatu alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kumtazama. Akamwambia, "Huyo ni wangu mimi, wa jikoni kwangu!" Sijawahi kuvishwa kitu kizuri kuliko maneno yale, hata lile joho.

Sasa nikugeukie wewe. Nani aliwakalisha vijana wa bodaboda wa Moa mpaka wakapangiana zamu, mjamzito akishikwa na uchungu asikose wa kumfikisha zahanati? Nani aliwafundisha kina mama wampigie nani na wambebe vipi? Jana nilikuuliza, ukanijibu macho chini, "Nilikuwa nasaidia tu, mama mkubwa." Nilishtuka. Nilimsikia yule msichana aliyelia kwenye ungo.

Basi nasaha yangu ni hii. Sharti lisome vizuri, kisha wapigie chuo uwaulize kazi ya kujitolea wanaihesabu vipi. Omba. Eleza ulichofanya kama kilivyokuwa, na ulipokosea, na aliyekusaidia umtaje. Barua ya kazi ya kughushi usiiguse, hata ikiletwa na ndugu yako wa damu, maana utaalamu huu watu wanakuamini kwa roho zao. Wakikwambia nenda kwanza ukafanye kazi, nenda, wala usinune. Wakikukataa kabisa, njoo kwangu ulie siku moja, kisha tuombe kwingine.

Mimi ninajivunia wewe, na nakwambia ukiwa hai na mimi ni hai. Mungu akufungulie mlango huu, akupe elimu yenye manufaa, akulindie ulimi wako na uongo na moyo wako na woga. Akupe watu wa kuwahudumia, na wao wakupende kama ninavyokupenda. Amina.

Haya, chakula tayari. Nyoosha mikono nikumiminie maji. Leo mkwe ni wewe.