Mahari ya Kitale

Mlango wa ndege ulipofunguliwa Kitale, kitu cha kwanza kuingia kilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya udongo ulioloa, nzito na tamu, imechanganyika na ya nyasi zilizofyekwa na moshi wa kuni mbichi, na mimi niliyekulia Lodwar sikuwa na jina la kuiita. Kwetu udongo ulinuka vumbi na mbuzi, basi. Nilimuuliza baba ni nini kinachonukia hivyo, naye akacheka akasema ni ardhi tu, jana imenyeshewa. Nilikuwa na miaka tisa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kilichoning'inia shingoni, kwa sababu ulivunjika ukaungwa vibaya, na tulikuwa njiani kwenda kwa daktari wa mifupa Nairobi. Barabara ya wakati ule ilikuwa mashimo matupu, ingeuvunja mkono ule upya, ndiyo maana watu wa kanisa walitupa viti viwili kwenye ndege yao ndogo. Ndege hiyo ilitua Kitale kungoja mizigo, iendelee baadaye. Rubani alimwambia baba kwamba anataka kutuona pale uwanjani saa tisa, na jua lilikuwa bado la asubuhi.

Wasafiri wenzetu walijitafutia kivuli kando ya kibanda cha uwanja, wakafunika nyuso kwa kofia walale. Baba hakuwa mtu wa kukaa. Alikuwa mwalimu wa kilimo katika mji usiokuwa na shamba, na nadhani miaka yote hiyo ya kuchora mahindi ubaoni ilikuwa imemjaza hamu ya kuyaona yakiwa yamesimama. Isitoshe, hapo alikuwa karibu na kwao kuliko alivyowahi kuwa tangu aliponiondoa Chwele nikiwa mtoto wa kunyonya. Mama yake, Kukhu, kama wanavyoitwa nyanya kwetu Bungoma, aliuza vitunguu katika soko la Chwele, na tangu siku ile hakuwa ameniona tena. Baba akatoa simu, akampigia jirani yake wa sokoni, na jirani akampa Kukhu. Kukhu hakuwa na imani na simu. Aliona kwamba kama mtu yuko Kitale, basi ni lazima umpigie kelele zitakazofika Kitale. Nikiwa nimesimama kando ya baba, nilisikia kila neno.

"Wewe tafuta mahari mzuli," alisema. "Mimi nakuja."

"Sawa, mama, nitatafuta," baba akajibu. "Usichelewe tu."

Mahari. Neno hilo nililijua vizuri kuliko mtoto anavyopaswa kulijua. Baba wa rafiki yangu Akiru alikuwa ameoa mke wa pili muda mfupi kabla ya safari yetu, na sisi wawili, nyuma ya darasa, hatukuwa na mazungumzo mengine ila ngamia wangapi na mbuzi wangapi. Akiru alinieleza jinsi mambo hayo yanavyoanza. Baba husafiri. Hununua vitu ambavyo hasemi ni vya nani. Kisha watu wazima hukutana, na watoto hupewa kitu kitamu ili wanyamaze. Na kwetu nyumbani minong'ono ilikuwapo tayari, kwani nilikuwa mtoto wa pekee, tena msichana, na majirani walisema watu wa Bungoma hawatamwacha mwalimu azeeke na kasichana kamoja. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sasa lilikuwa limekuja, tena limekuja kwa ndege. Mama yangu alikuwa amebaki Lodwar, na asubuhi hiyohiyo alimshonea baba kifungo cha shati akiwa amelivaa, akakata uzi kwa meno. Nililiangalia shati hilo nikakitafuta kifungo kile.

Mwenye pikapu ya mboga alitupa lifti hadi mjini. Nilikuwa nimepanga kukasirika njia nzima, lakini Kitale haikunipa nafasi. Mahindi yalisimama pande zote mbili za barabara, marefu kumpita baba, na hayakuisha. Nilingoja yaishe ili nchi ya kawaida ianze, nayo haikuanza. Niliona ng'ombe wamenona hadi wanatembea kwa shida, na hakuna aliyekuwa akiwalinda kwa bunduki. Sokoni kulikuwa na kabichi ambazo nisingeweza kubeba moja kwa mkono wangu mzima, na maparachichi yamerundikwa chini kama mawe, mengine yamekanyagwa na hakuna anayeyaokota. Kisha nikamwona mama mmoja akiosha karoti kwenye beseni. Alipomaliza, aliinua beseni lote akamwaga maji barabarani. Nilipiga kelele kumwambia maji yanamwagika. Watu waligeuka. Yule mama alinitazama, akatazama kitambaa cha mkono wangu, labda akafikiri nimeumia na kichwa pia, akaniambia kwa upole nisijali, mengine yako. Mengine yako! Nilisimama nikayaangalia maji yale yakijitafutia njia katikati ya maganda ya ndizi hadi baba akanivuta.

Alinunua sukari na majani ya chai. Akanunua leso yenye maua mekundu makubwa, akaiinua kwenye mwanga, akaniuliza naonaje, atapenda? Sikumuuliza nani. Hakuna nyanya anayevaa maua mekundu vile, nilijiambia, na nikahesabu kwamba dalili za Akiru zinatimia moja baada ya nyingine. Ndipo akanipeleka mahali penye miti mikubwa nyuma ya makumbusho, ambako kijito kilipita chini ya majani. Ngedere walitutazama kutoka juu. Mto wetu wa Lodwar mara nyingi ulikuwa mchanga unaokumbuka maji, lakini haya yalikuwa yakipita tu, baridi, yanaonekana hadi chini, na yalikuwa yamepita hivyo usiku kucha bila mtu kuyangoja. Baba alipiga magoti, akavua saa, akatumbukiza mikono yote miwili, akafumba macho. Sikuwahi kumwona na uso ule. Nilitumbukiza mkono wangu mzima kando ya yake na nikashangaa hadi nikataka kulia, na palepale hofu yangu ikawa kubwa zaidi. Mtu aliyezaliwa karibu na maji kama haya, ni nini kingemrudisha kwenye nyumba yetu ya joto, kwa mama yangu na kifungo chake? Hata mimi, kama ningekuwa yeye, ningetafuta sababu ya kubaki.

Mchana tuliingia katika hoteli ndogo karibu na soko, pale ambapo magari ya kutoka Chwele hushusha watu. Baba aliijaribu meza moja, akaiacha, akachagua nyingine ya pembeni isiyo na upepo. Akaniagizia chai ya maziwa matupu na mandazi mawili. Kitu kitamu cha kuninyamazisha. Nje mawingu yalikuwa yakishuka kutoka upande wa mlima Elgon, meusi kwa chini, na dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi nilikuwa nikiangalia dalili zangu nyingine na sikuyaona. Mvua ilipoanza juu ya mabati nilidhani mtu anatupiga mawe. Baba alinishika bega akanipeleka hadi barazani. Ilikuwa imefuta upande wa pili wa barabara. Ilianguka kwa wingi na kwa utulivu, kama kazi inayojua mwisho wake, na watu walisimama chini ya paa wakiendelea na mazungumzo yao kana kwamba hakuna kinachotokea. Nilinyoosha mkono wangu mzima, ukajaa maji, nikayanywa.

Katikati ya mvua hiyo alishuka mwanamke mfupi kutoka kwenye pikapu, karatasi ya nailoni kichwani, kuku hai chini ya kwapa. Baba alikimbia bila kujifunika. Walirudi wameshikana, wamelowa, mama anacheka na mwana anacheka, naye Kukhu akasimama mbele yangu akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni. Mimi nilichungulia nyuma yake. Pikapu ilikuwa imeondoka. Hapakuwa na mwingine.

"Bibi mpya wa baba ako wapi?" nikauliza.

Baba aliganda. "Bibi gani?"

"Wa mahari. Kukhu alisema utafute mahari nzuri."

Baba alifunika uso kwa mikono, mabega yakaanza kutikisika, nami nikafikiri analia. Kukhu alitutazama kwa zamu. "Si nirisema atafute mahari," akasema. "Mahari mzuli ya kukaa, tusinyeshewe na mtoto."

"Mahali, mama," baba akasema kwa shida.

"Si ndiyo hiyo. Mahari."

Kumbe chuoni walimu walikuwa wamempiga baba vita hadi akatenganisha ile r na l, naye hakuwahi kuniambia kwamba kwao herufi hizo hukaa nyumba moja. Hoteli nzima ilicheka, na mwenye hoteli akakaa chini. Kukhu ndiye aliyenyamaza kwanza. Aliuliza mtoto mdogo amepata wapi hofu kubwa vile. Nikamwambia yote, jinsi watu wanavyosema msichana mmoja hatoshi. Tuliketi mezani, baba akampa ile leso ya maua mekundu, kumbe ilikuwa yake, naye akaiweka mapajani, akapangusa nayo uso wangu, halafu wake.

"Huyu arizaliwa mvua ikinyesha hivi, ndiyo nikamwita Nafula," alimwambia baba. "Mimi niriomba mjukuu, nikapewa. Nani amesema hatoshi? Ni wewe?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Akanishika kichwa, akaomba kwa Mungu kwa lugha ambayo sikuielewa, kisha akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso. Baba aliwatupia macho wateja, ameona haya. Mimi sikushtuka, nyanya yake Akiru alinibariki hivyohivyo kila shule ilipofungwa. Na Akiru, jina lake, kwa Kiturkana, nalo ni la mvua. Nililikumbuka hilo hapo mezani nikafurahi sana.

Mvua iliifunga ndege uwanjani hadi jioni ikakaribia, tukapata muda wa kula, na kuku alisafiri hadi Nairobi miguu imefungwa, kwani Kukhu alisema mgeni haondoki mikono mitupu. Mkono wangu ulinyooka. Lodwar siku hizi hufikiwa kwa lami, na kabla Kukhu hajatutoka nilikwenda Chwele mara nyingi, nikalala nyumbani kwake nikisikiliza mabati. Mama yangu mpaka leo akitaka kumchokoza baba humuuliza ile mahari ya Kitale ilifikia wapi. Kazi yangu hunipitisha katika viwanja vikubwa vya ndege vya nje, na wenzangu wakilala kwenye viti wakingoja ndege nyingine, mimi hutoka nikauone mji. Nimeona majumba na taa za ajabu, lakini sijaona tena kitu kilichonisimamisha kama maji ya karoti yakimwagwa chini. Nyumbani kwangu bomba la jikoni huvuja, nami hupita bila kugeuka.

Mwaka jana nilikuwa nampeleka binti yangu Lodwar kuwaona wazazi wangu, na ndege yetu ikatua tena Kitale kungoja. Wasafiri walitoa simu zao. Mimi nikachukua mkoba. Binti yangu, mtoto wa Nairobi, aliuliza tunakwenda wapi na ndege bado iko hapa. Nikamwambia tunakwenda kutafuta mahari.

"Mahali, mama," akanisahihisha.

Upepo wa kutoka mlimani ulikuwa umeanza kuleta ile harufu. "Si ndiyo hiyo," nikasema, nikamshika mkono.