Ubavu wa Kulia

Mama yangu ni mkosha maiti. Wanawake wengi wa mitaani kwetu Mji Mkongwe wamemaliza safari yao mikononi mwake. Siri za maiti hazitoi hata umkabe koo; za walio hai anazimwaga bila kuombwa. Kwa miaka amekuwa akinitaka nifuatane naye nijifunze kazi, nami nakimbia hata nikiiona ndoo yake tupu.

Ubavu wake wa kushoto ulipoanza kuuma na mkojo ukabadilika rangi, alidai ni baridi ya sakafu. Mimi nilikuwa na hofu ya kumpoteza, usingizi hauji. Nikamburuta hospitali. Daktari akataka figo zipigwe picha ya altrasaundi, akasema bila picha hana la kutibu. Mama akanyweshwa maji mpaka akawa anatembea kwenye korido kwa mwendo wa bibi harusi.

Mpiga picha alikuwa dada wa bara, mpole, mwenye foleni ndefu mlangoni. Alimlaza mama chali, akampaka jeli, akaiona figo ya kulia bila taabu. Ya kushoto ilifichwa na gesi ya tumboni. Mama akanitupia jicho, kwani maharage ya jana nilipika mimi.

“Bibi, lalia ubavu wa kulia, uso ukutani,” dada alisema. “Mkono weka chini ya shavu.”

Mama akageuka. Nikayaona macho yake yanakipima chumba: kichwa mashariki, miguu magharibi, uso kaskazini kwenye kibla. Ndivyo anavyowalaza wanaokata roho, na ndivyo tunavyolazwa kaburini. Akafumba macho, akaanza kutoa shahada taratibu, kwa sauti ile anayowasomea wao. Alipomaliza aliniusia kuwa kitanda chake cha samadari apewe mdogo wangu, si mke wa kaka.

Dada aliniuliza bibi anasema nini. Nikamwambia anagawa mirathi. Nikamwomba tukigeuze kitanda, akanionesha mashine iliyofungwa ukutani na waya usiofika popote. Mama naye akaanza kuinuka. Picha basi, anarudi nyumbani. Namjua mama. Akitoka mle ndani harudi tena, na ugonjwa ungebaki naye humo ubavuni, sisi tukiungoja. Nikamkamata nyonga na bega kwa nguvu zangu zote.

“Niachie,” alisema. “Mie nshawalaza wengi hivi. Hajainuka hata mmoja.”

“Hao wengi walibanwa na mkojo?”

Akafikiri. “La.”

“Wewe je?”

“Umenijaa mpaka kooni.”

“Basi hujafa, mama. Tulia.”

Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha tumboni, kitanda kikatikisika. Dada akamsihi asicheke, figo inarukaruka kwenye kioo. Mama akajikaza, nami sikumwachia mpaka picha ilipopatikana. Aliposhuka alikwenda chooni mbio, sijawahi kumwona anakimbia vile tangu nizaliwe.

Daktari alisema ni jiwe, na linatibika. Nililia palepale bila haya. Mama akamwambia daktari asishughulike nami, mimi hulia hata nikikatwa kucha.

Tukapita sokoni Darajani kununua ndizi. Mama alikuwa akizibonyeza moja moja huku akimsimanga muuzaji, kisha akaniambia bila kunitazama:

“Ikifika siku yenyewe, nlaze wewe. Nshaiona mikono yako. Ila usiniminye nyonga kama leo, bado inaniuma.”

Nilitaka kumwambia aache maneno hayo. Badala yake niliupokea mkungu wa ndizi, nikamwambia naam.